Msiikate Wiki ya Mtoto: Hotuba kwa Wazazi wa Gredi ya Tano

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Shule, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi na walezi wa Gredi ya Tano, hamjambo? Asanteni kwa kuja. Naona akina mama walioacha vibanda sokoni Kibuye, na naona vijana wa bodaboda walioegesha pikipiki pale chini ya mwarobaini ilhali Jumamosi ndiyo siku ya abiria. Najua mnachokiacha mkija hapa, kwa hivyo nitakwenda moja kwa moja.

Mwalimu Mkuu ameniomba niwaeleze watoto wenu wanafanya nini darasani kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Nitaeleza. Ila jambo ninalolitaka kwenu nalitanguliza, ili hata atakayetoka kupokea simu awe ameondoka nalo: msiikate wiki ya mtoto. Wiki ya Gredi ya Tano ni kazi moja. Kinachoanzwa Jumatatu katika Kiswahili hukutana na Hisabati Jumatano, hufika Sayansi, hurudi kwenye insha Ijumaa. Mtoto akiikosa siku ya katikati, hata zile siku alizokuwepo hupungua maana.

Tuanze na ratiba. Masomo ni manane. Kiingereza vipindi 5 kwa wiki, Hisabati vipindi 5, Kiswahili 4, Sayansi na Teknolojia 4, Kilimo 4, Masomo ya Jamii 3, Elimu ya Dini 3, na Sanaa Bunifu 6. Kuna na kipindi kimoja cha malezi ya kiroho na maadili. Jumla ni vipindi 35, kila kimoja dakika 35. Ukipiga hesabu hiyo unapata saa 20 na dakika 25 za kufundishwa kwa wiki nzima. Si nyingi. Siku moja ni vipindi 7, yaani saa 4 na dakika 5. Mtoto anayekosa Ijumaa tano katika muhula amekosa vipindi 35, na hiyo ni wiki nzima iliyotoka polepole bila mtu yeyote nyumbani kusema mtoto hakwenda shule wiki nzima.

Wengi wenu mlisoma 8-4-4, mfumo wa elimu ulioanza 1985, mkafanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho 2023. Nasi walimu wengi tulilelewa humo humo, na tulizoea kila somo likae kwenye daftari lake: daftari la Hisabati halijui daftari la Sayansi limeandikwa nini. Ukikosa somo siku moja, unaazima daftari la jirani, unanakili, mambo yamekwisha. Mtaala huu wa umilisi, uliofika madarasani kote nchini mwaka wa 2019 kuanzia madarasa ya chini, haukubali kunakili namna hiyo. Mtoto anatakiwa aweze kufanya jambo. Huwezi kunakili uwezo kutoka kwa jirani.

Najua maneno haya mmeyasikia kwenye redio mpaka yamewachosha. Kwa hivyo niwaonyeshe wiki moja, ile ya Februari tuliyoifanya na omena, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, Ziwa Victoria.

Sikuchagua omena kwa kukosa kitu kingine. Nilichagua omena kwa sababu hakuna mtoto katika darasa langu asiyewajua. Kuna ambao mama zao wanawauza, kuna ambao baba zao wanawavua usiku kwa taa, na waliobaki wanawala. Tena ilikuwa lazima tuwahi, kwa sababu kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa upande wetu wa ziwa ili wapate kuzaana.

Jumatatu asubuhi mama mmoja, mzazi wa hapa darasani, alituletea kilo moja ya omena wabichi kutoka ufuo wa Dunga, na akatuazima mizani yake. Kipindi cha kwanza kilikuwa Kiswahili. Tukafanya mazungumzo ya sokoni: huyu muuzaji, yule mnunuzi, salamu kwanza, kisha bei, kisha kuomba kuongezewa. Watoto walinishangaza. Yule mtoto ambaye ukimwambia asome kwa sauti anainamisha kichwa, alisimama akauza omena mpaka darasa likamnunua yeye na omena wake. Alikuwa akisema lugha anayoisikia kila siku kibandani kwao. Tukaingia kwenye sarufi tukiwa tumechangamka bado: omena ni wa ngeli ya A-WA akiwa majini, na anabaki A-WA hata akiwa sufuriani. Omena huyu amekaangwa. Hawa wameiva. Ubishi ulikuwa mkubwa, na sarufi inayobishaniwa haisahauliki upesi.

Kipindi cha Hisabati tukawapima. Kilo moja, yaani gramu 1,000. Nikawauliza: tukiwaanika hawa mpaka wakauke, watabaki gramu ngapi? Kila kikundi kiandike makadirio yake kwenye karatasi, kikunje, kinipe. Kikundi kimoja kiliandika 900. Kingine 750. Kimoja kiliandika 1,000, na sababu waliyoitoa ilikuwa kwamba omena hawaondoki, wanakauka tu, samaki ni wale wale. Sikuwasahihisha. Nilizifungia karatasi zile kwenye kabati.

Jumanne omena wakatandazwa juu ya kipande cha wavu mkuukuu, kwenye meza, uani nyuma ya jiko. Vikundi vililinda kwa zamu, kwa sababu kunguru wa hapa mnawajua. Kipindi cha Sayansi kilifanyiwa pale pale nje. Jua linafanya nini? Upepo unafanya nini? Kwa nini hawa walio juu wamekauka na hawa waliolaliana bado? Mtoto mmoja akagusa, akasema wa chini wana jasho. Tukawageuza. Mchana wingu likaanza kujikusanya upande wa milima ya Nandi, na watoto wa kikundi cha zamu wakabeba ule wavu wakauingiza darasani kabla sijasema neno. Nyumbani huwa wanamsaidia mama kuanua mvua inapotishia. Walijua la kufanya kuliko mimi.

Jumatano wakamalizia kukauka, na tukawapima tena. Gramu 280.

Ningetaka mngekuwepo. Darasa zima lilinyamaza kwanza. Halafu wakataka nipime upya, kwamba mizani imeharibika. Tukapima upya. 280. Tukafungua karatasi za makadirio, na hakuna aliyekaribia. Wakatoa: 1,000 toa 280, zinabaki 720. Basi gramu 720 zilikuwa maji. Maji yaliyokuwa ndani ya omena yakageuka mvuke, yakaondoka na upepo wa Jumanne mbele ya macho yao. Hapo ndipo kikundi cha elfu moja kilipoelewa. Mmoja wao alisema: "Samaki ni wale wale, lakini walikuwa wamebeba maji." Sina namna bora ya kulisema hilo, na nimefundisha Hisabati muda mrefu.

Tukaendelea. Gramu 280 ni kilo 0.28, hiyo ni desimali, na imetoka kwenye mizani, haikutoka kitabuni. Kilo moja ya wakavu inahitaji kilo ngapi za wabichi? Walihangaika nayo, wakajumlisha 280 mara tatu, mara nne, wakafika: ni zaidi ya kilo tatu na nusu. Ndiyo sababu gorogoro, yaani kopo la kupimia, ya omena wakavu haiwezi kuuzwa bei ya wabichi. Watoto wa akina mama wanaouza wakaanza kutikisa vichwa, kwa kuwa sasa walijua mama anapouza gorogoro moja anauza nini. Wengine walifika nyumbani wakawauliza mama zao maswali ya faida. Nilipata simu mbili jioni hiyo, na zote zilikuwa za furaha.

Sasa nije kwa Alhamisi.

Alhamisi alirudi mtoto mmoja ambaye hakuwepo Jumanne wala Jumatano. Alikuwa nyumbani akimlea mdogo wake, kwa sababu mama alikuwa na safari isiyoepukika. Simtaji, na mzazi wake asijione amesemwa. Ametajwa kwa sababu mtoto wake alitufundisha sote. Hesabu ya kutoa ilikuwa bado ubaoni. Aliinakili vizuri, mwandiko safi, jibu sahihi: 720. Kisha akainua mkono akauliza: "Mwalimu, hizi gramu 720 nani alizichukua?"

Wenzake walicheka, nikawanyamazisha. Lilikuwa swali la haki kabisa. Kutoa anajua. Mwandiko anao. Jumatatu alikuwepo, akaona kilo moja ikipimwa, na Alhamisi akakuta gramu 280. Kwa aliyekosa jua la Jumanne, maelezo pekee yanayobaki ni kwamba kuna mtu aliwachukua omena. Na mngelitazama daftari lake mngesema amejifunza, kwa sababu kila kitu kimeandikwa na kimetiwa alama ya vema.

Hilo ndilo ninalotaka mlione. Daftari linaweza kuwa kamili na wiki ikawa na shimo.

Siku mbili zilizobaki nitazipitia haraka. Katika Masomo ya Jamii tulilichora ziwa: kilomita za mraba zipatazo 68,800, na sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu, sehemu kubwa iko Tanzania na Uganda. Watoto hawakupenda kusikia hivyo, lakini walielewa kwa nini mvuvi wa Kenya anaweza kukamatwa akidhani yuko nyumbani. Katika Kilimo walijadili lishe: omena analiwa mzima, na mifupa yake, kwa hivyo mlaji anapata kalisiamu ambayo kipande cha samaki mkubwa hakina. Elimu ya Dini wakasoma habari ya mikate mitano na samaki wawili. Sanaa Bunifu wakasuka vikapu vidogo kwa mabua ya magugumaji yaliyokaushwa, na hapo pia wakakumbuka kwamba kisichokauka vizuri kinaoza. Ijumaa wakaandika insha, moja kwa Kiingereza na moja kwa Kiswahili. Insha zile zilikuwa ndefu kuliko zote nilizosahihisha muhula huu, kwa sababu kila mtoto alikuwa na la kusema. Mtoto haandiki vibaya kwa kukosa msamiati peke yake. Mara nyingi hana kitu cha kuandika.

Kuna mzazi aliniuliza juzi langoni: kwa nini Hisabati isifundishwe yote Jumatatu na Jumanne, ili mtoto akikosa Ijumaa asipoteze kitu? Ni swali zuri na lina jibu. Mwaka wa 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akajipima amesahau kiasi gani baada ya dakika, baada ya saa, baada ya siku. Aligundua kwamba kusahau huenda mbio sana mwanzoni, kisha kunapunguza mwendo. Aligundua tena kwamba kujifunza kulikotawanywa katika siku kadhaa hushika kuliko kule kulikorundikwa siku moja. Watafiti waliokuja baada yake wamelirudia jambo hilo kwa namna nyingi na limesimama. Ndiyo maana Hisabati iko kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumanne inaokota kile ambacho usiku wa Jumatatu ulitaka kukifuta. Ukimwondoa mtoto siku moja, usahaulifu wenyewe haupumziki.

Nije kwa mambo yanayowaweka watoto nyumbani, na nitayasema kwa majina yake kwa kuwa tuko wenyewe.

La kwanza ni matanga. Huku kwetu mwili hutolewa mochari Alhamisi au Ijumaa, watu wanasindikiza nyumbani, mazishi Jumamosi. Mtoto aliyefiwa na nyanya yake aende akamzike, akae na wake, na akirudi tutamshika mkono. Siwezi kusimama mbele yenu niseme vinginevyo. Lakini kuna matanga ya mbali, ya jamaa ambaye mtoto hakuwahi kumwona, na mtoto anabebwa tangu Alhamisi asubuhi kwa sababu nyumba inafungwa. Kwa hayo naomba mkubaliane na jirani. Mtoto alale kwa jirani usiku mmoja, asome Ijumaa, kisha apandishwe matatu jioni pamoja na anayekwenda. Wazazi watatu hapa wameshaanza kupokezana hivyo, na wameniambia haijawashinda.

La pili ni siku ya soko na kulea wadogo. Hapa wanaoumia zaidi ni wasichana. Nimeangalia rejista yangu. Sitasoma majina, ila safu ya wasichana ina mapengo siku za soko na safu ya wavulana haina. Mama, najua huna wa kumwachia mtoto, na najua kibanda kikifungwa hakuna chakula. Sina dawa ya hilo mfukoni. Ninachoomba ni kwamba isiwe kila mara binti yule yule na siku ile ile. Akikosa kila Jumatano, hakuna kazi ya wiki atakayoiona ikikamilika mwaka mzima. Na tukiwa kwa wasichana: wako wanaoanza kupata hedhi sasa, hata katika Gredi ya Tano, na wengine hubaki nyumbani siku hizo kwa kukosa sodo. Sheria ilirekebishwa mwaka wa 2017 ili serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo bila malipo. Zikichelewa kufika, mwalimu wa kike wa zamu huwa ameweka akiba ofisini. Binti aje. Hatamwambia mtu.

La tatu ni aibu ya kutokuwa na pesa. Mwalimu ameitisha karatasi ya manila, au kalamu za rangi, au pesa ya karatasi za mtihani, na mzazi hana. Basi anamwambia mtoto akae nyumbani mpaka zipatikane. Tafadhalini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema wazi kwamba mtoto asizuiwe kuhudhuria shule kwa kushindwa kulipa ada kama hizo. Mtoto aje mikono mitupu. Nimeona mradi mzuri wa Sanaa Bunifu uliotengenezwa kwa boksi la sabuni na uji wa unga badala ya gundi, na niliupa kiwango cha juu kuliko ule ulionunuliwa tayari dukani. Ndiyo, tunajua miradi inayonunuliwa. Na ile inayofanywa na baba usiku tunaijua pia. Tunaomba kazi ya mtoto, hata ikiwa imepinda.

Sasa kuhusu swali ambalo najua mmebeba: amekuwa namba ngapi? Hakuna namba. Katika ripoti mtaona viwango vinne: anazidi matarajio, anafikia matarajio, anakaribia matarajio, na yuko chini ya matarajio. Baba mmoja aliniambia hiyo ni njia ya kuficha wajinga. Namheshimu, ila sikubaliani naye. Namba ilikuambia watoto wangapi wako mbele ya wako. Haikukuambia mtoto wako anaweza nini. Nikisema mtoto wako anakaribia matarajio katika vipimo vya uzani, nina maana kwamba anasoma mizani vizuri lakini bado anachanganya gramu na kilo, na nitakueleza la kufanya. Niulizeni hivyo: anaweza nini, na hajaweza nini bado?

Kuna wanaosema Gredi ya Tano ni mapema, tathmini ya KPSEA iko Gredi ya Sita. Ni kweli iko Gredi ya Sita, na alama zake zinahesabika: zinachukua asilimia 20 ya zile zinazotumiwa kumpangia mtoto nafasi ya sekondari ya juu. Kazi za shuleni za Gredi ya Saba na ya Nane zinachukua 20 nyingine, na tathmini ya KJSEA ya Gredi ya Tisa inachukua 60. Lakini mimi sifundishi Gredi ya Tano kwa ajili ya asilimia 20. Nafundisha nikijua kwamba kuna watoto wanaofika hapa na bado wanasoma kwa kugonga silabi moja moja. Si shule yetu peke yake. Tathmini za kusoma na kuhesabu za mpango uitwao Uwezo, zilizoanza nchini mwaka wa 2009 na ambazo hufanyiwa nyumbani badala ya shuleni, zimekuta tena na tena watoto wa madarasa ya juu wasioweza kusoma hadithi ya kiwango cha Darasa la Pili. Mtoto wa namna hiyo anashindwa katika masomo manane kwa wakati mmoja. Swali la Sayansi analijua jibu lake, ila hawezi kusoma linauliza nini.

Hapo nawahitaji nyumbani, na nawahitaji hata ninyi ambao hamkusoma sana. Jioni, chakula kikiwa motoni, mwambie mtoto akae karibu nawe asome ukurasa mmoja kwa sauti. Huhitaji kujua kusoma ili kusikia kwamba amekwama. Akikwama mwambie rudia. Akimaliza muulize: kumetokea nini hapo? Akikueleza ukaelewa, ameelewa. Usipoelewa, mwambie hujaelewa, aeleze tena. Na akueleze kwa lugha ya nyumbani, Kijaluo, Kiluhya, Ekegusii, yoyote ile. Wengine wenu mmeambiwa kwamba lugha ya nyumbani inaharibu Kiingereza. Haiharibu. Mtoto anayeweza kunieleza kwa lugha ya mama yake kwa nini omena walipungua uzani, kumfundisha kuisema habari hiyo hiyo kwa Kiingereza ni kazi ya nusu saa. Asiyeielewa kwa lugha yoyote, nitamfundisha mwaka mzima maneno matupu.

Na msiulize tu "umefundishwa nini leo?" Swali hilo watoto hulijibu "hakuna kitu", hata siku wamefanya makubwa. Muulizeni: mlipima nini? Nani alibishana na nani? Kesho mnaendelea na nini? Hilo la mwisho ndilo nalipenda zaidi, kwa sababu mtoto anayejua kesho kuna nini huamka mwenyewe.

Ijumaa hutoka na shajara. Ndani yake nimeandika mistari mitatu minne: wiki hii tumefanya hivi, wiki ijayo tutafanya hivi, leta kitu fulani kama kipo. Naomba isomwe na itiwe sahihi na mtu mzima. Nimeona sahihi za dada wa darasa la juu. Ni nzuri, lakini namtaka mzazi.

Basi wiki ijayo tunaingia kwenye mvua, kwa kuwa masika yanaanza. Watoto wenu wanajua mafuriko ya Nyando na nyanda za Kano kuliko ninavyoweza kuwaeleza, na wapo wenu mliohamishwa na ziwa lilipopanda mwaka wa 2020 na tena 2024. Kila kikundi kitatengeneza kipimamvua. Tunakata shingo ya chupa ya plastiki, tunaigeuza kichwa chini ndani ya ile sehemu iliyobaki, tunajaza chini changarawe na maji mpaka usawa wa sifuri, tunabandika kipimo cha milimita ubavuni. Kitakaa uwanjani mahali pasipo na mti wala paa. Kila asubuhi saa mbili, kabla ya kipindi cha kwanza, mtoto mmoja wa kikundi anasoma na kuandika, kisha anamwaga maji yaliyozidi usawa wa sifuri. Kila mtoto ana siku yake. Ijumaa wanachora grafu ya wiki, na wiki inayofuata wanalinganisha na kumbukumbu za wazee watakaowahoji nyumbani kuhusu mvua za zamani.

Siku ambayo msomaji wake hayupo, mwenzake atasoma, kikundi hakitakosa namba. Lakini huyo asiyekuwepo hatakuwa ameinama pale akaona maji yamefika wapi.

Ninachohitaji ni chupa: ya lita moja na nusu au mbili, isiyo na rangi, ubavu ulionyooka, iliyooshwa. Atakayekuwa na rula ya zamani ya plastiki anisaidie. Msinunue soda ili mpate chupa. Na mzee yeyote anayekumbuka mvua kubwa za miaka ya nyuma, mwanzo wa miaka ya sitini kwa mfano, ziwa lilipopanda sana, namkaribisha darasani Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Watoto wamekwisha kuandaa maswali, na ni magumu.

Mwalimu Mkuu ameturuhusu tukae hapa hadi saa saba. Madaftari ya omena yako kwenye meza ile ya mlangoni, yamepangwa kwa majina. Kila mzazi achukue la mtoto wake aangalie tukiendelea kuzungumza. Naona mama pale nyuma ameinua mkono. Karibu, mama, sema.